Nchi Iliyobeba Milango Yake

Kabla ya yote naomba radhi kwa mwandiko. Ninapoandikia pana bawaba mbili na tundu la komeo, na kalamu ikifika kwenye tundu inazama. Msomaji akikuta neno limekatika katikati, ajue si siasa, ni ubao tu.

Habari ninayoileta ni ya nchi moja iliyotulia sana. Jina lake sitalitaja, si kwa woga, bali kwa sababu lilibadilishwa mara tatu tangu nianze kazi, na sina hakika kama la mwisho bado linatumika. Nchi hiyo ina milima, mabonde, bendera na Mheshimiwa. Mheshimiwa ni mmoja. Zamani walikuwa wengi, ikaonekana wanawachanganya wananchi.

Mimi naitwa Mtengeti, na nilikuwa Karani Daraja la Tatu katika Idara ya Nani Anakaa Wapi. Nilizunguka nchi nzima na ndoo ya rangi na brashi, nikipaka namba kwenye mlango wa kila nyumba, kisha nikiandika namba hiyo katika daftari. Kazi niliipenda, siwezi kukana. Mtu akiwa na ndoo ya serikali mkononi, hata mbwa humbwekea kwa adabu.

Waraka wa kwanza wa Idara ulisema hivi: "Mkazi anakaa palipo na mlango wake wenye namba." Aliyeuandika aliamini kwamba milango haiendi popote. Hakuwa mjinga, alikuwa mtu wa ofisini.

Mwaka huo huo mzee mmoja alihamia kijiji kingine, akashikwa na homa, akaenda zahanati. Mganga akafungua daftari akamwambia, "Mzee, wewe si mkazi wa hapa. Mlango wako uko kule." Mzee hakubishana. Alirudi kwa miguu siku mbili na homa yake, akaung'oa mlango, akaubeba kichwani juu ya ngata, akaja kuuegemeza kwenye meza ya mganga. Akapewa dawa mbele ya watu wote. Tangu siku hiyo, katika nchi ile, mtu akihama huanza na mlango. Vyombo hufuata, watoto hufuata, mume hufuata akiona hapikiwi. Nyumba zilizoachwa zinabaki zimeachama, na mbuzi huingia na kutoka kama wajumbe.

*

Elimu katika nchi hiyo inapendwa kupita kiasi. Aliyeipenda kuliko wote baada ya Mheshimiwa alikuwa Waziri wa Elimu na Utulivu, Dokta Ngwandu. Udaktari alitunukiwa na chuo alichokifungua yeye mwenyewe asubuhi ya siku hiyo. Katika mwaka mmoja Waziri alifungua shule thelathini na moja. Utepe ulikuwa mmoja. Mkasi wa serikali ulikuwa butu, hivyo utepe haukukatwa bali ulifunguliwa fundo, ukakunjwa vizuri na kupelekwa shule inayofuata.

Kila shule ilikuwa na bati, mlingoti na kibao chenye jina. Walimu hawakuwamo. Pale Nyasindefu, shule ya ishirini na mbili, mama mmoja alithubutu kuuliza walimu watakuja lini. Waziri akamjibu kwa hotuba ya saa moja na robo, na mimi nilikuwapo, nimesimama nyuma na ndoo yangu.

"Ndugu wananchi," alisema, "mwalimu ni binadamu. Binadamu huugua, huoa, hudai nyumba, hudai chaki. Jengo halidai kitu. Serikali yenu sikivu imechagua kuwekeza katika kile kisichodai. Na isitoshe, elimu ni chumvi. Ikizidi kwenye mchuzi, nani atakula? Nawauliza, nani atakula?"

Tulipiga makofi. Baada ya wiki tatu nilirudi Nyasindefu kuhakiki milango mia mbili na arobaini. Nilikuta thelathini na minane. Nyumba nyingine zote zilikuwa zimeachama.

Kwenye njia ya kutoka kijijini nilimkuta yule mama aliyeuliza swali. Alikuwa amebeba mlango kichwani, namba 417 inasomeka vizuri kabisa, nami nilifurahi kuona rangi yangu imeshika. Nyuma yake alikuwa binti wa miaka kumi na mitatu, ana jembe begani na daftari kwapani.

"Shikamoo, karani," alisema binti.

"Marahaba. Mnakwenda wapi?"

"Kilima Kimoja," alijibu mama, bila kusimama, kwa sababu mwenye mlango kichwani akisimama huchoka zaidi. Jina lake Nyamizi, na binti yake Tunu.

"Lakini mama, mna shule mpya hapa hapa. Bati jipya, bendera mpya."

"Tumeviona. Mtoto amekaa mbele ya bendera wiki tatu. Hajaambiwa kitu."

"Na Kilima Kimoja kuna nini?"

"Kuna Mwalimu Mbelwa."

Nilimuuliza kama shamba ameliacha kwa nani. Hapo alisimama, mlango ukiwa juu, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nyingi kutoka kwenye pindo la khanga yake. Akanionyesha upande wa nyuma wa karatasi tu. Miaka miwili nyuma, alisema, diwani alikuja na karatasi hiyo akamwambia ni ya kupokea mbolea ya ruzuku. Akatia dole gumba. Mbolea haikuja, na msimu uliofuata akakuta shamba lake la mtoni, aliloachiwa na marehemu mumewe, limezungushiwa uzio mmoja pamoja na mashamba ya jirani, mipaka yote imesawazishwa. Alipouliza, akaambiwa asome karatasi.

"Nipe nikusomee," nilisema, kwa moyo safi kabisa.

Akaikunja tena. "Wewe ni wa serikali, baba. Aliyenisomea mara ya kwanza naye alikuwa wa serikali. Ataisoma Tunu akimaliza darasa la saba na akafaulu. Simpi sasa. Akijua kusoma nusu, atanisomea nusu."

Wakaendelea na safari. Nami niliandika katika daftari: *417, yuko njiani.*

*

Kilima Kimoja nilikwenda mwenyewe, kwa sababu takwimu zake zilinitia wasiwasi. Kijiji kisicho na mto, soko wala barabara kilikuwa na milango mia tisa, mingi imesimamishwa kwenye vibanda vya fito ambavyo havikuwa hata na kuta. Watu walikuwa wanaingia kwa mlango na kutoka kwa upande wowote waliopenda.

Nilikaa siku nne kumchunguza huyo Mwalimu Mbelwa Kisanji. Nilitarajia kukuta hirizi, au mbinu kutoka ng'ambo. Ni mtu mwembamba, shati lake moja limetoboka kiwiko, sauti yake ya mtu anayefukuza mbuzi shambani. Siku ya nne nilikuwa nimeigundua siri yake, nikaiandika katika ripoti kwa wino mwekundu: *Mwalimu huyu huingia darasani. Akiisha kuingia, hufundisha. Jioni husahihisha madaftari.* Chini yake nikaongeza: *Wananchi wa nchi hii hawafuati mvua, wala soko, wala lami. Wanamfuata yeye.*

Ripoti ilifika mezani kwa Waziri, na kamati ya watu kumi na saba ikaundwa. Mjumbe mmoja, kijana aliyetoka masomoni na hajazoea, alipendekeza watafutwe walimu wengine kama Mbelwa wapelekwe kila kijiji, ili watu wakae kwao. Kijana huyo alihamishwa siku hiyo hiyo kwenda kusimamia mnara wa taa za meli, katika nchi ambayo haina bahari.

Waziri ndiye aliyeona mbali. Jimbo lake la uchaguzi, Kisimakavu, lilikuwa limebaki na milango mia mbili na kumi na miwili, na sheria ilisema jimbo lenye milango chini ya mia tano linafutwa pamoja na mbunge wake.

"Kumbe tuna chombo," alisema, akigonga ripoti yangu kwa kidole. "Ukitaka watu mahali, unampeleka Mbelwa. Usipowataka mahali, unamwondoa Mbelwa. Mwalimu mmoja anatosha nchi nzima, mradi asikae mahali pamoja!"

Barua ya uhamisho ilitoka kesho yake, kwa maslahi ya umma. Mwalimu Mbelwa alifunga sanduku lake na kwenda Kisimakavu. Kabla hajamaliza kupangusa ubao, milango ilishaanza kuonekana kwenye mteremko, mmoja baada ya mwingine, kama siafu waliobeba majani. Mwezi ulipoisha nilihesabu milango mia nane na sitini. Nilipandishwa kuwa Karani Daraja la Pili na kupewa brashi pana zaidi.

Nyamizi nilimkuta anachimba shimo la mwimo wa mlango. Alinitazama, akatazama brashi mpya.

"Hongera," alisema. "Nimebeba mlango mara mbili, wewe umepanda cheo. Naona Mungu anagawa."

"Tunu anaendeleaje, mama?"

"Muulize mwenyewe. Sasa hivi ananisomea mpaka maandishi ya sabuni. Jana kasoma kibiriti, kasema vijiti ni arobaini, tukahesabu, tukakuta thelathini na tatu."

*

Hilo la kibiriti ndilo lililoleta shida, ila wakati ule sikuliona. Waziri aliwataka watu wale wahesabike. Hakuwa ametaka wahesabu.

Alikuja Kisimakavu kuwashukuru kwa kuja kukaa kwake. Akazungumza juu ya utulivu, akazungumza juu ya chumvi, na alipomaliza akasema, kwa mazoea tu, "Kuna swali?" Katika mikutano yake hapakuwahi kuwa na swali tangu lile la Nyasindefu. Mikono sitini na minne ikainuka kwa pamoja, yote ya darasa la saba.

Tunu ndiye aliyepewa nafasi. "Shikamoo, Waziri. Kwenye kibao cha kisima pameandikwa kimechimbwa mita tisini na kuzinduliwa na wewe. Tumeteremsha kamba na jiwe. Ni mita nne. Tunaomba kujua zile themanini na sita ziko wapi."

Wazazi hawakucheka. Laiti wangecheka, ingekuwa heri. Walimtazama Waziri kwa upole, wakisubiri jibu, kama watu wanaosubiri maji.

Wiki iliyofuata Mwalimu Mbelwa alipandishwa cheo. Katika nchi ile mtu mbaya huadhibiwa kwa uhamisho, na mtu hatari huadhibiwa kwa cheo. Aliteuliwa kuwa Mkurugenzi Msaidizi wa Makabati, Makao Makuu ya Wizara, ghorofa ya tatu. Ofisi yake ilikuwa na makabati manne yaliyofungwa, na funguo alikuwa nazo mtu aliyestaafu. Wanafunzi hapakuwa hata mmoja. Zilikuwa zimebaki wiki kumi kufika mtihani wa darasa la saba, na mtihani ule hufanywa mara moja. Anayeukosa harudii, maana sheria inasema serikali hairudii neno.

Waziri alijua watu watamfuata Mbelwa kijijini, jangwani, hata makaburini. Hakufikiri watamfuata kwenye maegesho ya magari.

Walifika siku ya sita. Walinzi walitaka kuwazuia, lakini mlinzi mkuu alisoma waraka wa Idara yetu ukutani, akaona kwamba mtu mwenye mlango wake ni mkazi wa pale alipo, na mkazi hazuiwi kuingia kwake. Akafungua geti. Milango ikaegemezwa kwenye miti ya mapambo, kwenye mlingoti, kwenye gari la Naibu Waziri. Nyamizi alisimamisha 417 kati ya nguzo mbili palipoandikwa *Wageni Mashuhuri*, akapika uji.

Mwalimu Mbelwa aliteremka ngazi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, akafundisha mpaka kazi ilipoanza. Saa saba akateremka tena. Saa tisa na nusu, kengele ya kutoka ikilia, akateremka mara ya tatu. Madawati hayakuwapo, basi watoto walilaza milango juu ya matofali, wakaandikia hapo, wawili upande huu, wawili upande ule, wakikwepa bawaba. Maofisa walichungulia madirishani. Wengine, nasikia, walijifunza hesabu za sehemu.

*

Mtihani ulipangwa Jumatano. Sheria yake ilikuwa fupi: mtahiniwa atafanya mtihani mahali anapokaa, na wasimamizi watahakiki namba ya mlango wake kabla ya kila karatasi. Kwa hiyo watoto sitini na wanne walikuwa na haki ya kufanyia mtihani pale pale, chini ya dirisha la Waziri. Jumatatu niliitwa ghorofa ya saba.

"Mtengeti," alisema Waziri, "wewe ni mtiifu?"

"Sijui kitu kingine, Waziri."

Akanipa barua yenye mhuri. Ilisema: *Namba zote zilizo kwenye milango yote katika eneo la Wizara zifutwe kwa rangi nyeusi siku ya Jumatano kuanzia saa moja kamili asubuhi.* Nikaelewa. Pasipo namba hapana mkazi, na pasipo mkazi hapana mtahiniwa. Niliona ni jambo safi, halina kelele wala virungu. Nilikwenda stoo nikachukua rangi nyeusi.

Jumanne mchana nilikuwa nyumbani kwangu, kwenye nyumba za watumishi, nakoroga rangi uani. Mke wangu alikuwa anachambua mchele. Mwanangu Mwanaheri, wa miaka tisa, alirudi kutoka shuleni. Anasoma darasa la tatu katika Shule ya Watumishi, na ripoti yake kila muhula ilikuja na neno moja: *Bora*. Sikuwahi kuhakiki. Mimi mtu wa kuhakiki milango ya nchi nzima.

Kwa mzaha nikampa ile barua. "Msomee baba."

Akasimama wima, akaishika kwa mikono miwili. "Mheshimiwa oyee," alisoma.

Nikacheka. Nikampa pakiti ya chumvi. Akaitazama vizuri. "Mheshimiwa oyee."

Nikamwonyesha namba ya mlango wetu, niliyoipaka kwa mkono wangu. Akasoma kwa sauti ile ile, na kwa furaha ile ile.

"Mwalimu wenu amewafundisha hivyo?"

"Hatuna mwalimu, baba. Tuna bango."

Mke wangu hakuinua uso kwenye ungo. Alikwisha kuniambia tangu mwaka uliopita, nami nikamjibu kuwa shule ile ina bati zuri. Niliumia, nasema wazi. Niliumia mpaka nikashindwa kukoroga, na rangi ikafanya utando.

Jumatano saa moja kamili nilikuwa langoni kwa Wizara, ndoo mkono huu, brashi mkono ule. Milango ilikuwa imekwisha kulazwa juu ya matofali. Watoto walikuwa wamenawa nyuso. Nyamizi alinijia, khanga imefungwa kiunoni.

"Karani, umekuja kutufuta?"

"Nimekuja kutekeleza, mama."

"Leo? Na yule mtoto nimembebea mlango mara tatu? Hebu niangalie usoni uniambie." Akasimama mbele ya 417. "Basi anza na mimi, nikuone ukifanya."

"Haiwezekani," nilimwambia. "Kuna itifaki."

Kwa maana mimi nilifunzwa kazi na watu wa zamani, na katika serikali ile hakuna jambo linaloanzia chini. Chai huanza juu, magari huanza juu, pole za msiba huanza juu. Barua ilisema milango yote katika eneo la Wizara. Nikapanda ngazi mpaka ghorofa ya saba, nikasimama mbele ya mlango wa Waziri, wa mninga, namba 1 ya shaba, nikachovya brashi.

Katibu muhtasi alipiga yowe. Waziri akatoka na kikombe mkononi.

"Mtengeti! Unafanya nini?"

"Natekeleza barua yako, Waziri. Naomba usiegemee, ni mbichi."

"Nilimaanisha wale wa chini!"

"Barua haisemi wa chini, Waziri. Na mimi sina elimu ya kujua ulichomaanisha. Ninayo kidogo tu, ya kusoma ulichoandika."

Akadai karatasi aandike barua ya kunisimamisha. Katibu muhtasi akaileta, akaanza kuijaza, akasita. Barua yoyote ya serikali huanza na namba ya ofisi inakotoka. Sote watatu tuliutazama mlango. Ofisi haikuwa na namba tena, wala Waziri hakuwa tena mkazi wa mahali popote. Alirudi ndani akaketi, akapiga simu, na kila aliyempigia alimuuliza anapiga kutoka ofisi namba ngapi.

Mimi niliendelea na kazi. Ghorofa saba, milango arobaini na minne kila ghorofa, vyoo na stoo vikiwemo. Rangi ya serikali ni nyepesi, inataka mikono miwili, na mkono wa pili hauji mpaka wa kwanza ukauke. Kupitia madirisha ya ngazi niliona wasimamizi wakipita kati ya milango iliyolazwa, wakihakiki namba. Karatasi ya kwanza. Kwenye ghorofa ya tatu Mwalimu Mbelwa alikuwa amesimama dirishani na mikono nyuma, midomo yake ikicheza. Nilifuta mlango wake naye hakugeuka. Karatasi ya pili. Nilipofika ghorofa ya kwanza mkono ulikuwa umekufa ganzi, na karatasi ya tatu ilikuwa inakusanywa. Nilitoka nje saa tisa na dakika ishirini na ndoo tupu.

Nyamizi alitazama ndani ya ndoo. Alinipa uji katika kikombe, na ulikuwa umepoa.

*

Nilifukuzwa kazi kwa kosa la utiifu uliopitiliza. Waziri alibaki bila makazi ya kisheria kwa siku kumi na moja, na kwa bahati mbaya siku ya tisa ndiyo iliyokuwa ya kurudisha fomu za wagombea. Mwalimu Mbelwa alishushwa cheo na kupelekwa Ukingoni, kijiji cha mwisho kabla ramani haijaisha. Watoto sitini na wanne walifaulu wote. Iliundwa tume kuchunguza ufaulu huo usio na mpangilio, nayo ikabaini kwamba chanzo chake ni mwalimu kuingia darasani. Ikashauri jambo hilo lisirudiwe.

Mimi nilipewa siku mbili kuhama nyumba ya mtumishi. Siku ya kwanza nilifungasha. Siku ya pili niliazima bisibisi, nikafungua bawaba za mlango wangu, mke wangu akanisokotea ngata. Sikuwa najua mlango una uzito kiasi kile. Nilikuwa nimepaka maelfu.

Tulifika Ukingoni kabla ya barua za matokeo, tukamkuta Nyamizi na Tunu wametutangulia na 417 yao. Barua zilipofika, Nyamizi alikaa chini mbele ya watu, akafungua pindo la khanga, akampa Tunu ile karatasi. Tunu akaisoma yote mara moja kimya, uso ukambadilika, kisha akaisoma kwa sauti.

"Mimi niliyetia dole gumba hapa chini natoa shamba langu la mtoni, kwa hiari yangu mwenyewe, bila kulazimishwa, ili lijengwe Shule ya Msingi Nyasindefu, kwa sababu naipenda elimu."

Nyamizi akamwambia arudie. Akarudia.

"Kwa hiyo ile shule, ile ya bendera," alisema Nyamizi polepole, "iko juu ya mihogo yangu. Nimekimbia shamba langu mwenyewe." Alilia kidogo kwa hasira, akapangusa uso na kiganja. Kisha akasimama. "Basi kama ni yangu, narudi. Tunu, shule yako ya sekondari inafunguliwa lini?"

"Baada ya miezi mitatu, mama."

"Miezi mitatu inakutosha kuwafikisha watoto wa kule herufi ya mwisho. Ukiondoka, nitakaa mlangoni mpaka waniletee mwalimu mwingine. Karatasi ninayo."

Waliondoka kesho yake, na kwa mara ya kwanza sikuona kitu kichwani mwa Nyamizi. Mlango wake aliuacha. Alisema shule yake ina milango minane, kilichokosekana hapo hakikuwa mlango. Wiki iliyopita nimesikia Idara imepata karani mpya, na ripoti yake ya kwanza inasema kwamba nyumba zilizoachama za Nyasindefu zimeanza kufungwa, ishirini na moja mpaka sasa, na serikali haielewi watu wanafuata nini huko.

Huo mlango, 417, ndio ninaoandikia. Mchana ni dawati la darasa la kwanza, na Mwanaheri, ambaye alikuwa darasa la tatu na *Bora*, hukaa upande wa tundu la komeo pamoja na watoto wa miaka saba. Mwanzoni aliona haya. Siku hizi hufika kabla ya kengele.

Sasa hivi amekuja kusimama nyuma ya bega langu. Nimeandika mstari mmoja kwa herufi kubwa katika karatasi ya pembeni, nikamwambia ajaribu. Ameweka kidole chini ya neno la kwanza, na jasho limemtoka puani.

"Mwa... li... mu. Mwalimu. A... me... i... ngi... a. Ameingia. Da... ra... sa... ni."

Akasita. Akapitisha kidole tena kutoka mwanzo, akageuza karatasi akatazama na nyuma.

"Baba," akaniuliza, "Mheshimiwa yuko wapi hapa?"

Nikamwambia hayumo.